Kopo Lililozikwa Lugulu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku mbaya. Nilikwenda kunywa chai, dakika ishirini tu, nikaacha duka wazi. Niliporudi nikafunua mashine ya fotokopi nitoe kivuli cha cheti cha mteja. Chini ya kifuniko kuna karatasi. Mwandiko naujua. Nimeishi nao miaka kumi na saba.

Barua ya mke wangu, Mbuke. Yeye ni muuguzi kituo cha afya hapa Kharumwa. Anaomba uhamisho kwenda Kagongwa, anakokaa dada yake Vumilia. Sababu: za kifamilia.

Familia ni mimi! Binti yetu Klara yuko bweni Shinyanga tangu Januari. Paka tulimpa jirani. Nimehesabu mara mbili. Kwenye hiyo familia nimebaki mimi peke yangu.

Inaelekea alikuja nikiwa kwenye chai, akajitolea kopi, akasahau barua yenyewe. Nikaifunika vilevile. Jioni akapita, akafunua, akaichukua, akaikunja mara nne. Tumekula ugali na sato kimya kimya, nasikia miiba ikiguswa na kucha.

Chanzo nakijua. Mwezi wa tano tulimzika mama yake. Mwenye steshenari ni mimi, kwa hiyo ratiba ya mazishi nilichapa mimi, nakala mia tatu, rangi kamili. Nikaweka picha siyo. Nikaweka picha ya mteja aliyekuja kupiga pasipoti. Mteja huyo yu hai. Alikuja msibani. Alipopewa ratiba yake akajiona, akaanguka kifudifudi.

Tangu hapo Mbuke ananijibu kama anavyowajibu wagonjwa waliosahau kadi.

Lazima nifanye kitu kabla barua haijajibiwa. Kumuuliza ana kwa ana ni hatari. Nitatafuta njia.

Jumatano, 6 Agosti

Davis kaja dukani. Davis ni mtu wa maabara palepale kituoni kwa Mbuke. Mrefu. Meno meupe, tena mengi. Alitaka ramani yake iwekewe lamineshi. Ramani ya nini? Ya mchezo wake na mkewe Mariana. Anauita jiokashi.

Nilimuuliza kwa dharau lakini nilitaka kujua. Mtu anaficha kopo mlimani. Ndani kuna daftari dogo, kalamu na kijizawadi. Anaweka vipimo vya mahali hapo kwenye programu ya simu. Wengine wanafuata vipimo, wanalisaka, wakilipata wanaandika majina daftarini na kulirudisha palepale. Basi. Nikauliza faida yake. Akasema kutembea. Nikauliza nani anawalipa. Akacheka kwa meno yote.

Wanakwenda kila Jumamosi, mume na mke. Akasema mlima unafungua watu midomo. Halafu akanichoma: Mama Klara anazipenda mno hadithi zao. Juzi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Mbuke! Alicheka! Akatafuta na kiti!

Nimepakua programu papo hapo. Kuna kopo moja kwenye kilima cha Lugulu, nusu saa kwa bodaboda. Lugulu kwa Kisukuma ni mlima. Yaani mlima unaitwa Mlima. Waliotoa jina hawakujisumbua.

Mezani nikamwambia Mbuke kwamba Ijumaa ni Nane Nane, sikukuu, twende tukasake kopo. Akasema, "Sawa."

Ukiacha "chumvi", ni neno lake la kwanza tangu Jumapili.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Naandika kwa jicho moja.

Tulianza vizuri. Mbuke alivaa raba na kofia ya pama, akabeba maji na michembe ya viazi vitamu. Mimi nilibeba simu. Nilitangulia. Majani makavu, mawe makubwa kama nyumba, jua la Agosti. Simu ikasema kushoto, tukaenda kushoto. Ikasema mbele, mbele ni ukuta wa jiwe. Nikasema simu haikosei. Nikapanda ule ukuta. Nikateremkia upande mwingine, bila kupenda.

Tulisaka kwa saa tatu nzima. Mbuke akaketi juu ya jiwe, akala michembe, akitazama bonde. Nikamwambia nimeliona kopo, liko kwenye ufa. Nikaingiza mkono wote mpaka begani.

Nyuki.

Nilikimbia vizuri kwa umri wangu. Walionipata ni tisa tu. Mbuke alinikalisha chini ya mti, akaniinua kidevu, akawa anang'oa miiba usoni kwa kucha, mmoja mmoja. Vidole vyake vya baridi. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliisikia sabuni yake ya kazini. Hajanigusa uso tangu mwezi wa tano. Nilitamani wangekuwa nyuki ishirini.

Tukiwa tunateremka akasema vipimo nilivigeuza. Mwisho ni sabini na nne, mimi niliingiza arobaini na saba. Kopo liko upande wa pili wa kilima. Nikamuuliza ameligundua saa ngapi. Akasema asubuhi, kabla ya kupanda pikipiki. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Hukuuliza."

Lakini tulipofika nyumbani akasema Jumamosi ijayo hayuko zamu. Twaweza kurudi!

Nilitoka uani nikaimba. Mdomo umevimba, wimbo haukutoka sawasawa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani Davis kanitazama jicho, akasema kopo lile Mariana alilipata kwa dakika nne. Dakika nne! Akasema kwa huruma. Ile huruma ndiyo siwezi kuivumilia.

Jumamosi siwezi kukosa tena. Nikikosa mara mbili, Kagongwa inamchukua. Kwa hiyo nimeamua: nitaficha kopo langu mwenyewe. Nitampeleka Mbuke moja kwa moja, nitajifanya nababaika kidogo, halafu nitamwachia aligundue yeye. Atafurahi. Mlima utamfungua mdomo. Atasema, Baba Klara, siendi popote.

Na ndani ya kopo siweki kijizawadi cha kitoto. Nina hereni za marehemu mama yake! Dhahabu ya kweli, ya huku kwetu Geita. Moja ilikatika kishikio, Mbuke akanipa mwezi wa sita nimpelekee sonara. Zimelala kwenye droo ya duka chini ya wino tangu siku hiyo. Hajaziulizia tena. Atadhani zimepotea. Halafu anafungua kopo mlimani, hizo hapo, zinang'aa!

Nimefurahi mpaka nikasahau jicho.

Jumatatu, 11 Agosti

Sonara Donatus katengeneza hereni nikisubiri. Nikamweleza mpango. Akainua miwani, akaniuliza kwa nini nisimpe tu mkononi na kumwambia pole, nilichelewa. Donatus hana mke. Haya mambo hayajui.

Daftari la kopo lazima lionekane limetumika. Nimeandika wageni waliotangulia, kila mmoja kwa mwandiko wake. Hans wa Ujerumani, kwa mkono wa kushoto: "Mlima mzuri sana." Yuki wa Japani, kwa kalamu ya kijani: "Nimechoka lakini nimeridhika." Nimemweka pia padri wa Kongo.

Kazi safi. Nimepitisha daftari kwenye vumbi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefunga duka mapema, nimekwenda Lugulu peke yangu. Kopo la siagi, hereni nimezifunga kwenye kitambaa chekundu. Nikachagua jiwe lililolala kama ng'ombe, nikachimba kwa kijembe, nikazika. Ili nisipotee tena, nikaweka alama ya vema kwa rangi nyekundu juu ya jiwe. Nikapiga hatua kumi kwenda mtini, hatua kumi kurudi, nikaandika. Nikainua simu juu kutafuta mtandao, kaskazini, kusini, kaskazini.

Nilipogeuka, bibi mmoja kasimama na mzigo wa kuni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akasema yeye ni Mama Generosa wa hapo chini, akauliza ninatafuta nini mlimani kwao.

Nikashtuka. Nikasema, "Hakuna, mama. Napima tu."

Akatazama jembe. Akatazama simu. Akatazama alama nyekundu. Akasema, "Haya, baba. Wabeja," yaani asante. Akaenda zake haraka kuliko nilivyotarajia kwa mtu mwenye kuni zile.

Bibi mwema. Mpango umekamilika.

Alhamisi, 14 Agosti

Balaa.

Saa nne kaja dukani kijana wa Tarime anaitwa Chacha, mchimbaji, anataka kivuli cha kitambulisho upesi upesi. Nikauliza haraka ya nini. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama siri, siri ambayo foleni nzima ilikuwa inaijua: kuna rashi Lugulu, watu wanakimbilia kuchimba. Dhahabu imetoka! Mtaalamu kaja na vyombo, kapima, kaweka alama nyekundu, kasema hakuna kitu. Chacha akasema mtaalamu akikuambia hakuna kitu, hapo ndipo penyewe. Watu wanakuja mpaka kutoka mgodini Bulyanhulu, pikipiki moja watu watatu na sururu.

Nikauliza huyo mtaalamu yukoje. Mfupi, akasema, na jicho moja limevimba.

Nikavaa miwani ya jua. Nimeivaa siku nzima. Nimemkatia mteja picha yake shingoni.

Lakini sikukaa bure. Nikachapa tangazo, herufi kubwa nyeusi: NI MARUFUKU KUCHIMBA KILIMA CHA LUGULU. HAKUNA DHAHABU. KWA AMRI. Chini nikaandika Mamlaka Husika, nikapiga mhuri wa duka upande wa nyuma ili usisomeke vizuri. Nakala ishirini. Nikazibandika sokoni, stendi na njia panda ya Lugulu.

Jioni nimepita njia panda. Watu wamejaa mbele ya tangazo langu. Mzee mmoja anawasomea wasiojua kusoma. Alipofika kwenye "hakuna dhahabu" wakapiga makofi, wakakimbilia kilimani.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimwambia Mbuke kichwa kinauma. Akaniletea vidonge viwili. Nikasema na goti. Akasema basi nipumzike, ataenda na akina Davis. Goti likapona.

Hajawahi kuwa vile. Amechemsha mayai. Ameniuliza kama nimeandika vipimo sawa safari hii. Kwenye pikipiki alinishika kiunoni. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani Nyang'hwale, na mwenye hofu kuliko wote.

Tulisikia Lugulu kabla ya kuiona. Sururu, redio, watu wanaitana. Tulipozunguka kona Mbuke akateremka, akasimama. Kilima kimekaliwa! Watu kama mia mbili. Maturubai ya bluu. Mama lishe wanakaanga maandazi. Mashimo kila mahali, wao wanayaita maduara, na udongo mwekundu umemwagwa juu ya majani. Mti wa pale aliponing'olea miiba umekatwa kwa ajili ya kushikilia duara.

"Kumetokea nini?" Mbuke akauliza.

Nikasema labda sikukuu ya Nane Nane bado inaendelea.

Pale kwenye jiwe langu hakuna jiwe. Kuna duara linalomeza mtu mzima na mwingine mabegani mwake. Pembeni wamesimama sungusungu, walinzi wa kijiji, na mkuu wao Mageni, mwanamume mpole mwenye filimbi shingoni. Mbele yake, kwenye ncha ya fimbo, limening'inia kopo la siagi. Hataki kulishika kwa mkono.

Watu wamegawanyika. Akina Chacha wanasema dhahabu imeonekana, tena iliyokwisha kutengenezwa. Wazee wanasema hii ni dawa, mtu amezika vitu vya kufunga bahati ya kilima, na kitambaa chekundu hicho hapo, na daftari lina majina ya watu waliochukuliwa. Nilitaka kurudi nyuma. Nikamkanyaga mama lishe.

"Huyo!" Mama Generosa akaninyooshea kidole. "Huyo ndiye aliyekuja kupima!"

Filimbi. Nikakalishwa chini kwenye udongo. Hawakunipiga. Walisogea tu, wengi, wakawa wanapumua.

Hapo Mbuke akapita katikati yao. Alikuwa na koti la kazini mkobani, akalivaa, sijui kwa nini, na watu wakampisha kama wanavyompisha kituoni. Akaenda kwenye kopo, akatia mkono bila kuogopa, akatoa kitambaa, akakifungua.

Halafu akasema, "Hii hereni ni ya mama yangu."

Redio ikazimwa.

"Zilikuwa mbili," akasema. Akawatazama wote. "Nyingine iko wapi?"

Aliyechimba akasema alikuta moja. Aliyekuwa naye akatazama miguu yake.

Mageni akamwita mama kwa Kisukuma, akauliza kwa adabu, "Mayu, ya mama yako ilifikaje chini ya jiwe letu?"

Mbuke akanigeukia. "Muulize Baba Klara. Hata mimi nataka kusikia."

Nikasema. Mbele ya watu mia mbili. Nilitafuta uongo, naapa nilitafuta, lakini jua lilikuwa kali na Mbuke alikuwa ananitazama. Nikaeleza mchezo wa makopo. Nikaeleza hereni zilivyolala kwenye droo. Nikaeleza barua ya uhamisho, na ratiba ya mazishi, na yule mteja aliyeanguka. Nikasema nilitaka mke wangu apate kitu mlimani afurahi, asiende Kagongwa.

Mageni akafungua daftari. "Hans ni nani?"

"Ni mimi."

"Na Yuki wa Japani?"

"Ni mimi pia."

"Na huyu padri?"

Nikainamisha kichwa. Kilima kizima kikaangua kicheko. Mama lishe aliacha maandazi yakaungua. Mbuke peke yake hakucheka. Alikuwa ameishika ile hereni ndani ya ngumi, na ngumi ameibana kifuani.

"Kwa hiyo dhahabu hakuna?" Chacha akauliza, na sauti yake ilinitia uchungu. Nikasema hakuna. Wengine wakaanza kukunja maturubai. Wengine wakanong'onezana kwamba mtu anayedanganya kwa ufundi namna ile hawezi kukubali kirahisi hivi, dhahabu ipo. Wakarudi shimoni.

Hukumu ya Mageni: mbuzi mmoja kwa kijiji, na duara la jiwe langu nilifukie mwenyewe, kwa mikono yangu. Akasema pia kwamba ananionea huruma. Wa pili huyo wiki hii.

Nilipotazama, Mbuke ameshaondoka. Ameteremka kwa miguu na Mama Generosa, amembebea kuni.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefukia toka asubuhi. Malengelenge kila kidole. Udongo unaotoka shimoni ni mwingi kuliko unaorudi. Sielewi hesabu yake.

Baada ya misa nikaona kofia ya pama inapanda. Mbuke. Na ungo mkononi. Hakunisalimu. Akachuchumaa kwenye kifusi, akachota udongo, akaanza kupepeta.

Anatafuta ile nyingine.

Nikamwachia udongo uliobaki, kidogo kidogo, apepete kila ungo kabla sijaurudisha shimoni. Tumefanya kazi hivyo mpaka alasiri. Yeye anapepeta, mimi nafukia. Nilidhani hatasema kitu.

"Mama alizinunua mwaka wa pamba nzuri," akasema, bila kuinua macho. "Nilikuwa darasa la nne. Alizivaa kutoka dukani, akatembea nazo sokoni mara tatu, akijifanya amesahau kitu."

Nikaendelea kufukia.

"Barua uliiona."

"Niliiona."

"Siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa napanga."

"Ulikuwa unapanga nini?"

Nikamwonyesha shimo. Akalitazama. Nilidhani atacheka, mdomo wake ulikwenda upande kidogo. Halafu macho yakajaa, akageukia bonde.

"Ungenipa mkononi, Eliya," akasema. Hajaniita Eliya tangu Klara azaliwe. "Hata na kishikio kimekatika. Ungesema tu, Mbuke, samahani, nilisahau. Mimi nisingetaka mlima."

Nikasema Davis anampeleka Mariana mlimani. Akauliza Davis anahusikaje. Nikasema mbona yeye mwenyewe alizicheka hadithi zao mpaka akatafuta kiti. Akaniambia siku hiyo Davis alikuwa anasimulia namna alivyokwama kwenye mwamba, na yeye alicheka kwa sababu alinikumbuka mimi.

Alinikumbuka mimi! Nikasimama na koleo hewani. Nikataka kuuliza alikumbuka nini hasa. Lakini niliona si wakati wake.

Hereni hatukuipata. Jua liliposhuka akakung'uta ungo, akaubeba kichwani, akatangulia.

Jumatano, 20 Agosti

Uhamisho umekubaliwa. Aripoti Kagongwa tarehe moja. Ameniambia mwenyewe, mezani, ameweka barua kati ya sahani ili niione vizuri. Nikasema hongera. Sijui kwa nini nilisema hongera.

Jioni Davis na Mariana wakaja kumuaga Mbuke. Davis akaenda uani kujibu simu. Mariana akaniambia kwa sauti ya chini nisihuzunike kuhusu zile dakika nne. Lile kopo Davis alilificha mwenyewe. Huwa anayaficha mengi mwenyewe. Mariana hujua kila mara kwa sababu siku ya kwanza suruali inarudi na matope magotini, na siku ya pili anaalikwa mlimani. Nikamuuliza kwa nini hamwambii. Akasema angekuwa anamwambia, wangezungumza nini siku nzima?

Alisema kama mzaha, lakini alitazama mlangoni kwanza.

Nimelifikiria sana jambo hili. Davis ana mpango uleule wangu, ila yeye unafanya kazi. Tatizo langu ni moja tu: nilitumia rangi nyekundu. Ningetumia kijivu.

Jumamosi, 30 Agosti

Ameondoka.

Nilimbebea mabegi mpaka stendi. Kitanda kimebaki, kabati limebaki. Amechukua nguo, sufuria mbili, na redio ndogo. Sikujua nyumba yetu ilikuwa inategemea ile redio. Hata alipokuwa hasemi kitu, redio ilikuwa inasema.

Basi lilichelewa. Tulikaa kwenye benchi, mabegi katikati kama mtu wa tatu. Nilikuwa na sentensi nimeiandaa tangu Alhamisi. Nilikuwa nimeichapa kabisa, iko mfukoni. Sikuitoa.

Kondakta alipopiga bodi la basi, Mbuke akasimama. "Baba Klara," akasema, "nisikilize. Sijakuacha. Nimechoka tu kukaa na mtu ambaye lazima nimvizie ili nijue anawaza nini. Umenielewa?"

Nikasema nimemwelewa.

"Ukitaka kuniona, panda basi Jumamosi. Nyumba ya Vumilia unaijua. Gonga mlango. Sema umekuja. Basi. Usilete kitu."

"Nisilete kitu?"

"Usilete kitu."

Akapanda. Dirisha lake lilikuwa upande wa pili, sikumwona tena. Nilisimama mpaka vumbi likatua. Donatus alikuwa anapita, akanishika bega, hakusema neno. Nilimshukuru kwa hilo.

Jumatano, 3 Septemba

Siku nne sijaandika. Sikuwa na cha kuandika. Nimekula mikate. Klara amepiga simu kutoka shuleni, akauliza mama hajambo, nikasema hajambo, akauliza mimi sijambo, nikasema mtandao unakatika.

Lakini leo nimeamka na nguvu! Nimeyatafakari maneno ya Mbuke pale stendi. Gonga mlango, sema umekuja. Nimeyageuza kila upande. Haiwezekani alimaanisha hivyohivyo. Mlango kila mtu anagonga! Muuza mkaa anagonga. Mwanamke hahami wilaya ili agongewe mlango.

Kwa hiyo Jumamosi sitakwenda kwa Vumilia. Nitakwenda kituo cha afya cha Kagongwa, nimeulizia, Mbuke ana zamu mpaka saa nane. Nitapita barabarani mbele ya lango, mtu mwenye safari zake, bila habari na yeyote. Halafu nitaanguka. Kiasi. Kizunguzungu cha kawaida. Watanibeba ndani. Atakayeinua kidevu changu ni nani? Muuguzi wa zamu!

Shida ni kuanguka kwenyewe. Lazima kuonekane kwa kweli. Nimefunga duka saa tisa, nimesogeza meza ya fotokopi, nimeanza mazoezi. Mara ya kwanza nilitanguliza mikono. Mara ya pili niligonga bega kwenye boksi la karatasi. Mara ya tatu nimeanguka vizuri kabisa, bila kujiandaa, nikabaki pale chini kitambo nikitazama miguu ya meza. Sakafu ya baridi. Mtu mmoja aligonga mlango wa duka mara mbili, akaita, akaenda zake.

Kesho nitajaribu kwa upande wa kushoto.